Nikiota, Nijue Naota

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimepiga kelele hospitalini Homa Bay mbele ya watu. Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha mazoezi, yule mama wa viungo ananikunja goti na kulinyoosha, akilikunja na kulinyoosha, na usingizi ukanichukua. Sijui nililala dakika ngapi. Niliamshwa na sauti yangu mwenyewe. Nilipofumbua macho nilikuwa nimemkamata koti mpaka kifungo kimeng'oka.

Wakanipeleka chumba cha mwisho kwa mshauri nasaha, mama mfupi wa makamo anayeitwa Edith. Akataka nimweleze ninachoota. Nikamwambia ni ndoto moja tu, haibadiliki. Ni alfajiri, niko kwenye shamba langu la nyanya kando ya ziwa, pale Sori. Nimeinama. Nyuma yangu nasikia pumzi, nzito, kama ya mtu aliyejaa maji kifuani. Nataka kukimbia, miguu imezama topeni. Sigeuki. Sijawahi kugeuka. Napiga kelele, naamka.

"Na ilitokea kweli?"

"Tarehe kumi na nne Januari. Kiboko. Aliniuma paja la kulia."

Hakunionea huruma, na hilo lilinipendeza. Alivuta droo akatoa daftari hili. Akasema kuna watu hujifunza kujua kwamba wanaota wakiwa bado ndani ya ndoto, na wakishajua, wanaweza kuchagua la kufanya. "Si uchawi, Mwalimu, na si maombi. Ni mazoezi, kama haya ya mguu. Wengine huchukua wiki, wengine miezi, wengine hawapati kabisa." Niandike kila ndoto mara nikiamka, hata ya upuuzi, na niandike siku zangu pia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kuandika hakunitishi. Kulala ndiko kunanitisha.

Jumanne, 11 Machi

Ile ile.

Jumatano, 12 Machi

Ile ile. Nimekunywa chai kavu saa kumi na moja alfajiri nikisubiri kupambazuke.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu Maroa alikuja jana jioni kutoka Isebania. Yeye ni fundi wa magari huko, huja kwangu wikendi. Asubuhi nimemkuta sebuleni amejikunja kwenye kochi, jicho la kushoto limevimba. Nilimpiga kiwiko usingizini.

"Si kitu," akasema. Lakini blanketi lake hakulirudisha chumbani.

Baada ya chai akaweka karatasi mezani. Ni fomu ya kuomba uhamisho. "Turudi kwetu Kehancha, Mama Boke. Shule ni nyingi na kiboko hakuna. Mwisho wa kuipeleka ni tarehe thelathini Mei." Boke ni binti yetu, aliye shule ya bweni huko.

Nimefundisha hapa miaka tisa. Ninaongea Kijaluo kibaya, wananisahihisha na kunicheka, na ni nyumbani. Nimeisukuma ile fomu chini ya redio. Mimi Msabato, lakini leo sikwenda kanisani.

Jumanne, 18 Machi

Edith amenipigia na kunipa vipimo vya mchana. Mara kumi kwa siku nihesabu vidole vya mkono mmoja. Nizibe pua, nijaribu kuvuta pumzi. Nisome neno ukutani, nitazame kando, nilisome tena. Mchana vidole ni vitano, pua haipitishi hewa, neno halibadiliki. Ndotoni mambo hayo hukorogeka. Ukizoea kujiuliza mchana, anasema, siku moja utajiuliza usiku, na jibu litakuwa tofauti.

Na kabla ya kulala niseme: nikiota, nijue naota.

Darasa la sita wameniona nikihesabu. "Mwalimu, unahesabu nini?" Nikawaambia nahesabu wale ambao hawajaleta insha. Kumi na mmoja wakainamisha vichwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesinzia nikisahihisha imla. Niliposhtuka Mwalimu Mkuu, Bwana Osoro, amesimama mlangoni mikono nyuma. Hakusema neno mbele ya watoto. Ofisini akaniambia, "Mwalimu Nyarangi, mara ya tatu hii. Sipendi kuandika barua." Ana sauti ya mtu ambaye barua ameshaiandika. Nimemchukia siku nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwona Terry sokoni. Aliponiona akavuka barabara.

Lazima niandike habari za Terry, maana Edith atauliza. Terry ana saluni ndogo karibu na kituo cha pikipiki. Siku niliyoripoti Sori, mgeni, sijui neno la Kijaluo zaidi ya salamu, yeye ndiye aliyenitafutia chumba. Tangu hapo tumekuwa kama ndugu. Lile shamba tulilikodi pamoja. Haya makovu ya moto kwenye mkono wangu ni ya chapati tulizopika harusi ya mdogo wake.

Siku ile tulikuwa wote. Yeye mstari wa juu, mimi wa chini karibu na matete. Nakumbuka alikuwa akisimulia kuhusu mteja aliyetaka nywele za rangi ya zambarau. Halafu pumzi. Halafu sikumsikia tena.

Aliyeniokoa ni Obare, mzee anayemwagilia maji shamba la pili. Aligonga jembe kwenye pampu yake ya chuma mpaka kiboko akaniacha na kuingia majini. Terry alikuja hospitalini siku moja tu. Akasimama mlangoni mwa wodi, akageuka, akaondoka. Tangu hapo ni kuvuka barabara.

Watu wanasema alinikimbia. Sijamuuliza.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeanza. Usiku kucha juu ya mabati. Ajabu, nimeota ndoto nyingine kabisa: mama yangu anauza viatu vya mguu mmoja. Nimeiandika yote, ukurasa mzima. Maroa hakuja, barabara ni mbaya.

Jumatano, 2 Aprili

Ile ile.

Alhamisi, 3 Aprili

Imetokea!

Niliota niko darasani. Nimeandika ubaoni "viambishi", nikatazama dirishani, nikarudisha macho ubaoni. Limekuwa "vibandiko". Nikatazama kando tena. Limekuwa herufi ambazo hazipo. Nikainua mkono, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kidole cha sita kimeota pembeni kama tawi dogo, wala hakiumi.

Nikawaambia wanafunzi, "Jamani, hii ni ndoto!" Wakapiga makofi. Furaha ilinijaa kiasi kwamba nikaamka papo hapo, natabasamu gizani kama mwendawazimu.

Haikuzidi sekunde kumi. Lakini nilikuwa mle ndani na nilijua.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Nimelala mchana saa mbili bila kuota chochote.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nataka kuacha.

Edith alikuwa amenishauri nitege saa, niamke saa kumi alfajiri, nikae dakika chache nikijikumbusha, kisha nirudi kulala. Nikafanya. Nikajikuta niko macho, naona pazia, naona kabati, lakini sina uwezo wa kusogeza hata ulimi. Kifuani kuna uzito. Na pumzi ile ile, safari hii ndani ya chumba changu. Nikajua amenifuata mpaka nyumbani.

Nilipoweza kusogea nililia. Bibi yangu angesema ni jinamizi limenikalia, angetafuta dawa ya kufukiza. Nilimpigia Edith kabla hata ya saa moja.

"Hilo jinamizi linajulikana," akasema. Nilisikia anakoroga uji. "Akili imeamka kabla ya mwili. Mwili bado umefungwa ili usiruke kitandani ukiota. Hiyo pumzi uliyoisikia ilikuwa yako mwenyewe."

"Yangu?"

"Nani mwingine alikuwa chumbani? Ikija tena, usipigane nayo. Sogeza kidole cha mguu, kimoja tu. Na achana na hiyo saa. Mtu ambaye hajashiba usingizi hafai kuukatiza. Hilo nilikosea mimi."

Nimekaa kutwa nikiwaza. Pumzi yangu mwenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Homa Bay. Goti linakunjika karibu lote. Edith anasema nikijua naota, nisishangilie. Nisugue viganja, niguse kitu, nitazame chini, ndoto itatulia. Na nisikimbilie kumtafuta kiboko. "Tembea kwanza. Fanya mambo madogo madogo. Kwani ulipoanza kutembea na ule mguu ulianzia mlimani?"

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimefua, hazikauki.

Jumapili, 20 Aprili

Nimefika sokoni kwa ndoto. Nilihesabu vidole nikapata saba, nikasugua viganja, nikahisi joto kabisa, na soko likasimama imara kama soko la kweli. Harufu ya omena ilikuwepo. Nilimwendea muuza samaki mmoja, sijawahi kumwona popote, nikamwambia, "Baba, unajua hii ni ndoto?"

Akanitazama kwa uchovu. "Mwalimu, kama hununui, songa kando wengine wanunue."

Nikanunua. Nikatembea na samaki wangu mpaka ukingo wa soko. Miguu yote miwili ilikuwa mizima. Niliruka mtaro. Nilirudi nikauruka tena, na tena. Ndoto ikafifia taratibu kama taa ya sola, nami nikaamka nimetulia. Nimelala kitandani muda mrefu nikisikiliza matone. Sikumbuki mara ya mwisho kuamka hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili

Maroa amekuja. Nimemsimulia habari ya muuza samaki, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaniuliza kama samaki alikuwa na ladha. Nikamwambia sikumpika. "Basi ukirudi, mpike," akasema.

Hakuitaja fomu. Lakini alipokuwa akibadilisha betri za redio aliiona, akainyoosha mikunjo, akairudisha palepale.

Bado analala kwenye kochi.

Jumanne, 29 Aprili

Muhula wa pili umeanza jana. Bwana Osoro amenibadilishia ratiba bila kuniambia, vipindi vyangu vya mapema amechukua yeye. Nilienda ofisini nimevimba, nikidhani ananipunguzia kazi ili anifukuze vizuri. Akasema bila kuinua macho, "Usingizi wa asubuhi ndio mtamu, Mwalimu. Ulale. Dada yangu alipata ajali, najua." Mwezi mzima nimemchukia mtu bure.

Ijumaa, 2 Mei

Ile ile, lakini si ile ile. Niliposikia pumzi nilijua. Nilisema kwa sauti, "Naota." Vidole vilikuwa sita. Nikajiambia geuka. Shingo ikakataa. Si tope lililonizuia, nilikuwa naweza kutembea. Ni mimi sikutaka kumwona. Nikaamka. Sikupiga kelele, lakini nimeshindwa.

Jumapili, 4 Mei

Nimeshindwa tena.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kubwa mno. Ziwa limepanda, wanasema mashamba ya chini yamejaa maji. Watoto ishirini na mbili tu wamefika darasani. Tumesoma hadithi tukipaza sauti kuishinda mvua.

Jumapili, 11 Mei

Nimegeuka.

Naandika polepole ili nisikosee. Niliota nimeinama kwenye mstari wa chini. Nyanya zilikuwa kubwa kupita kiasi, nyekundu, na hilo tu likanifanya nitilie shaka. Nikaibana pua kwa vidole na nikavuta hewa vizuri kabisa. Nikajua. Nikasugua viganja. Nikashika jani la mnyanya, nikalisikia lile vumbi lake la kunata na harufu yake. Ndoto ikatulia.

Pumzi ikaja. Nikajiambia yale maneno ya Edith, kwamba ni yangu mwenyewe, nikaanza kupumua nayo. Ikivuta, navuta. Ikitoa, natoa. Nikageuza miguu kwanza, kisha mabega, kichwa kikafuata mwisho.

Alikuwa mkubwa kama nyumba, na alikuwa amelowa. Ngozi yake ina rangi ya waridi nyuma ya masikio. Ana nywele ngumu chache puani. Macho yake madogo hayakuwa yananitazama. Yalikuwa yanatazama kitu nyuma yangu.

Nikageuka kuona ni nini. Ni ziwa. Nilikuwa nimesimama kwenye njia yake, kati yake na maji, na kunakucha, na yeye alitaka kurudi kwake. Obare amesema hivyo mara mia, usisimame kati ya kiboko na maji. Nilikuwa nalijua kwa masikio tu.

Nikasogea hatua tatu kando. Nikasema, "Pita."

Akapita. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zangu. Ubavu wake ulipita karibu, ningeweza kuugusa, sikuugusa. Akaingia kwenye matete, akaingia majini, maji yakafunga.

Halafu nikainua macho nikamwona Terry. Amesimama mstari wa juu, kapu mkononi, ananyoosha mkono wa pili kunielekea. "Nilirudi, Japuonj," akasema. Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo, ndilo jina ameniita tangu mwanzo. "Nilirudi kukuchukua."

Niliamka mto umelowa machozi. Kumekucha kabisa, mvua imekatika, ndege wanapiga makelele. Nimekaa kitandani nikisema kwa sauti: alirudi. Kumbe alirudi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Edith. Kwa habari ya kiboko alishangilia, akaita mtu ofisini kwake akamwambia "amegeuka!" Nilipofikia habari ya Terry akanikatiza.

"Mwalimu. Nisikilize vizuri. Huyo Terry wa ndotoni umemtengeneza wewe. Anajua tu unachokijua wewe, na anasema unachotamani kusikia. Usimfanye shahidi. Kama unataka kujua Terry alifanya nini, kuna mmoja tu wa kuulizwa, na anakaa Sori."

Nimekasirika naye kidogo. Najua anasema kweli.

Alhamisi, 15 Mei

Usiku wa nne bila kiboko. Nimekula ugali wangu wote.

Jumamosi, 17 Mei

Baada ya kanisa nilikwenda saluni kwa Terry. Tangu Januari sijasuka, nafunga kitambaa. Mvua ilikuwa imeanza tena na hakukuwa na mteja. Aliponiona alisimama ghafla, kitana kikamponyoka.

"Oyawore, Terry," nikamsalimu.

"Oyawore ahinya, Japuonj."

Tukatazamana. Nikakaa kwenye kiti, nikavua kitambaa. "Nisuke mistari tu."

Akaanza. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alisuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusema lolote, yeye ambaye huongea mpaka wateja wanamwomba anyamaze. Mvua juu ya mabati ilikuwa kali, kwa hiyo nililazimika kupaza sauti kusema jambo ambalo nilitaka kulinong'ona.

"Terry, siku ile ulikuwa wapi?"

Mikono ikasimama.

"Watu wanakuambia aje?"

"Sitaki ya watu."

Nilikuwa namwona kwenye kioo. Alikuwa anatazama utosi wangu.

"Nilikimbia," akasema. "Nilisikia rawo, yule kiboko, nikatupa kapu, nikakimbia mpaka kwangu. Nikafunga mlango na komeo. Nikaingia chini ya meza, mimi mtu mzima na watoto wangu wananiangalia. Na nilikuskia. Si unajua kwangu si mbali na shamba. Nilikuskia ukiita jina langu. Sikutoka."

"Hukumwita mtu yeyote?"

"Sikuita. Obare ndiye alitoka. Mimi nilifungua mlango wakati nimeskia pikipiki imekubeba."

"Na hospitalini?"

"Nilikuja nikwambie. Ulikuwa umelala. Ukaanza kupiga nduru kwa usingizi, ukaita 'Terry, Terry'. Nikaona nikiingia nitakufa. Nikarudi."

Ningetaka kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Niliinuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, nikafunga kitambaa, nikatoka kwenye mvua. Aliniita kutoka mlangoni mara moja tu. Sikugeuka.

Jumapili, 18 Mei

Ingekuwa heri nisingeuliza.

Jumanne, 20 Mei

Sijaandika ndoto. Sijahesabu vidole. Sitaki kujua kama naota au sioti.

Ijumaa, 23 Mei

Darasani mtoto ameuliza kwa nini sivui kitambaa. Nimemjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi.

Ndotoni Terry alikuja tena na kapu lake, ananyoosha mkono. Nikamwambia, "Wewe si Terry." Akacheka kwa upole. Nilijua kwamba naota na ningeweza kumfanya anyamaze, apotee, apige magoti aniombe msamaha. Nimejifunza kiasi hicho sasa. Sikufanya lolote. Nilimtazama tu. Alikuwa mzuri kuliko yule wa kweli, na hakuwa ametaabika hata kidogo. Hakuwahi kuingia chini ya meza yoyote.

Nimeamka nikiwaza kuhusu yule mwingine, amejikunja chini ya meza, amejiziba masikio, miezi minne.

Jumatano, 28 Mei

Maroa amekuja katikati ya wiki kwa sababu ya fomu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Kwa muda mrefu nimeamini kwamba amechoka nami, na makelele yangu, na huu mguu.

"Nikikwambia sitaki kuhama, utasema nini?" nikamwuliza.

Akasugua grisi kwenye kucha. "Nilipopigiwa simu ile asubuhi nilikuwa chini ya lori. Waliniambia umeumwa na kiboko, simu ikakatika. Kutoka Isebania mpaka hapa nilikuwa nimeshakuzika, Mama Boke. Nimeshachagua mahali. Tangu siku hiyo kila simu ikilia nasikia hivyo. Mimi ndiye naogopa. Wewe sijui kama bado unaogopa."

Sikuwahi kumfikiria kwenye ile barabara.

Nimemwambia kiboko hajarudi wiki mbili na nusu. Nimemwambia pia, nikitembea shambani kwa miguu yangu na nikarudi, tutazungumza upya. Akakunja fomu mara nne akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Mwaka ujao nao una mwezi wa tano," akasema.

Usiku alilala kitandani. Asubuhi nimemkagua macho yote mawili, mazima.

Jumapili, 1 Juni

Nimerudi saluni. Terry alikuwa peke yake, anakunja taulo. Nimekaa kwenye kiti, nimevua kitambaa. "Hujamaliza kazi," nikamwambia.

Akalia akisuka. Machozi yake yalinidondokea shingoni na sikuyafuta. Sikumwambia kwamba nimesamehe, kwa sababu sijui kama nimesamehe. Nilimwambia, "Bado inaniuma."

"Najua."

"Na nimekukosa."

Hapo akashindwa kusuka kabisa, ikabidi tusubiri.

Baadaye akaniambia kwamba yeye pia haoni usingizi. Kwa ndoto anakimbia tu, nyumba haifiki, kila akikaribia inarudi nyuma, na nyuma yake jina lake linaitwa. Kila alfajiri. Hakumwambia mtu, angemwambia nani? Nikamshika mkono nikamwambia ahesabu vidole. Akaniona nimechanganyikiwa. Tulikaa mpaka saa kumi jioni nikimfundisha kama Edith alivyonifundisha, pua, maandishi, vidole. Ni mwanafunzi mbaya, ana haraka. Anataka kugeuka leo leo.

Ijumaa, 6 Juni

Terry amenitumia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi: "Hakuna kitu." Nimemjibu: "Andika hiyo pia."

Jumatano, 11 Juni

Jua. Mvua zimepungua. Maji yametoka kwenye mashamba.

Jumapili, 15 Juni

Tumekwenda shambani, mimi na Terry, saa nne asubuhi, jua limewaka, Obare yuko upande wa pili na pampu yake inanguruma. Tulikubaliana mambo mawili: hatuendi alfajiri tena maisha yetu yote, na hatupiti mstari wa matete.

Hakuna mnyanya hata mmoja uliobaki, magugu tu yanayofika kiunoni. Tukaanza kulima kutoka juu. Terry akaanza kuongea, kwanza kidogo, halafu bila kituo, habari za mteja aliyelala saluni na kuamka akidai hakuomba mtindo ule. Nilikuwa nacheka. Mguu ulikuwa mzito lakini ulinibeba.

Kitu kikachakarisha magugu kando yangu.

Siwezi kueleza kilichofuata kwa utaratibu, kwa sababu sikuwepo. Nilijikuta barabarani. Jembe sina, kitambaa sina, moyo unagonga mpaka kwenye meno. Nimekimbia na ule mguu ambao daktari alisema hautakimbia mwaka huu. Na nilikuwa peke yangu. Sikuwa nimemwita Terry. Sikuwa nimemtazama. Sikumbuki hata kujua kwamba yupo. Miguu iliondoka na mimi haikuniuliza.

Nikasimama pale nikitweta, nikitazama nyuma. Kwa mara ya kwanza nikamwelewa Terry, si kwa maneno yake, kwa mwili wangu.

"Terry!" nikaita. "Terry!"

Obare alikuwa amezima pampu, amesimama ameshika kiuno. "Ni kenge!" akapiga kelele. "Kenge tu! Ameingia majini!"

Magugu yakafunguka na Terry akatoka, polepole, tope mpaka magotini, ameshika kitu mkononi anakifutia kwenye sketi. Akaja mpaka nilipo. Hakuwa anacheka wala hakuwa ananilaumu.

"Japuonj," akasema. "Kiatu yako."

Nikatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, sikuwa nimejua. Nikataka kumwomba radhi, akatikisa kichwa kwamba nisiseme. Akanishika bega nisimame vizuri, nami nikavaa kiatu, nikifunga kamba, yeye akisubiri.

Kisha tukarudi shambani. Tulikuwa tumebakiza mistari mitatu.